Kilichozikwa ni Mgomba

Kanda ile iliingia nyumbani kwetu Alhamisi moja mchana, imefungwa ndani ya taulo. Aliyeileta alikuwa jirani yetu, nesi wa Kifilipino aliyekuwa akifanya kazi wodi ya wazazi, na alivuka nayo uwa kwa haraka kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

"Sinema ya kwetu," aliniambia kwa Kiarabu chake cha vipande vipande. "Ya kutisha. Wewe na tumbo lako usitizame."

Mimi nikatizama.

Tulikuwa tukikaa Ibra, mwanzo wa miaka ya themanini, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali. Mimi nikiandikisha wagonjwa mlangoni, mume wangu akisomesha skuli ya wavulana, na mama yangu mzazi akiishi nasi. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, kubwa, ya kuinukia kwa kushika ukuta. Mume wangu alikuwa amenunua mashine ya video Matrah, na kwa kuwa Ibra hakukuwa na sinema, ukumbi wetu ndio ukawa sinema ya wanawake wa mtaa kila Alhamisi baada ya chakula, yeye akenda zake Sur kwa ndugu yake.

Mama alimpenda yule nesi. Nilimfundisha kuamkia, na kila akiingia akisema "Shikamoo, Mama" kwa ulimi mzito, na mama akimwitikia "Marahaba, mwanangu" kwa heshima zote. Nadhani walipendana kwa sababu wote wawili hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kiarabu cha mama kilikuwa cha msahafu na cha kuamkiana tu. Unguja alikuwa akiitwa Mwarabu. Kuja Ibra akaitwa Mzinjibari. Akenda soko la wanawake la Jumatano ilikuwa ni kuonyesha kwa kidole na kutabasamu.

Siku hiyo tulikuwa wanne. Mimi, mama, nesi, na jirani wa upande wa pili, bibi wa pale pale Ibra aliyekuwa akiuza ubani na vitambaa kwenye soko hilo. Alikuja na chupa yake ya kahawa na kibakuli cha tende. Tukashusha mapazia, kiyoyozi kikawa kinanguruma, na nje jua la Ibra likipiga mabati ya magari.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kimasikini, hata sisi tusiojua sinema tuliliona hilo. Jini lao lilikuwa mwanamke wa kawaida mchana, akiuza samaki. Giza likiingia huota mabawa na kutua juu ya paa la nyumba yenye mja mzito. Waya uliomning'iniza ulikuwa ukionekana kabisa. Damu yake ilikuwa sharubati. Ulimi wake, mrefu mwembamba, aliokuwa akiuteremsha kutoka kwenye makuti mpaka juu ya kitovu cha mwanamke aliyelala, ulikuwa kipande cha mpira kilichopakwa rangi nyekundu. Nesi alitueleza kuwa kwao viumbe hivyo huitwa aswang, na bibi wa Ibra akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuta mkono wangu umefunika kitovu.

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, miwani imemshuka puani.

"Hawa wako wapi?" aliniuliza.

"Ufilipino, mama. Kwao nesi."

"Mbona nyumba zetu hizo?"

Na kweli. Nyumba za udongo na makuti. Minazi, migomba, fenesi linaning'inia kwenye shina. Mvua kubwa na watu wanatembea pekupeku kwenye tope jekundu. Tangu tuondoke Unguja sikuwa nimeona mvua ya namna ile, na mama naye hakuwa ameiona. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayesikia harufu yake.

Kisha ikaja ile sehemu. Jini lile lilimchukua mwanamke mja mzito, mzima mzima, na kitandani mwake likaacha gogo la mgomba. Likalipulizia gogo lile, likageuka sura ya yule mwanamke. Asubuhi watu wa nyumbani wakamkuta anaumwa, hasemi, jioni amekufa. Wakamlilia, wakambeba, wakenda kuzika gogo la mgomba bila ya kujua.

Hapo mama aliinuka akasimama.

"Mwambie arudishe," aliniambia. "Hapo wanapokwenda kuzika. Mwambie arudishe nyuma."

Nesi akarudisha. Jeneza likapita tena kwenye tope, na nyuma ya jeneza watu wa kijiji, na nyuma kabisa ya watu, karibu na mgomba, mwanamke mmoja amebeba kapu nyongani, mkono wake wa pili umefunika mdomo. Alipita kwa kitambo kidogo sana.

"Simamisha."

Picha ikasimama, ikawa inatetemeka, na mistari myeupe inapita juu na chini. Mama akasogea mpaka uso wake ukawa karibu kugusa kioo.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa tumbo moja. Mwaka wa mapinduzi mdogo wake huyo alikuwa ameolewa shamba, upande wa Bumbwini, mja mzito, siku zake zimekaribia. Njia zikafungwa, watu wakawa hawatoki majumbani. Habari ilipomfikia mama mjini, mambo yalikuwa yameshakwisha: uchungu ulimshika, hakukuwa na mkunga wala gari, akafa yeye na kilichokuwa tumboni, na wameshamzika. Nani alimwosha? Hakuna aliyejua sawasawa. Nani alimshusha kaburini? Wanaume wawili, na mmoja wao keshakimbia. Mama alipoweza kufika alionyeshwa tuta la udongo lisilo hata na jiwe, pembeni mwa migomba. Na kizee mmoja wa pale akamshika mkono akamnong'oneza: "Usilie sana, mwanangu. Ule mwili niliuona unapita. Haukuwa mtu. Kilichozikwa ni mgomba."

Haya mama hakuwa amewahi kunihadithia. Alinihadithia mchana ule, amesimama mbele ya televisheni, na nilipojaribu kumwambia kuwa ile ni sinema, kuwa wale ni watu wa nchi nyengine kabisa, hakunisikia.

Bibi wa Ibra aliniuliza mama yangu analilia nini. Nikamfasiria. Sikutegemea jibu lake. Aliweka kikombe chini, akanitizama bila ya kucheka tena.

"Mughayyaba," alisema. "Amefichwa. Hata huku kwetu wapo. Kuna mtu wa bonde hili alizikwa, watu wakamsomea, na baada ya miaka mtoto wa ndugu yake akamwona sokoni Nizwa amebeba mzigo wa majani ya punda. Akamwita jina lake. Yule mtu akageuka, machozi yakamtoka, akapotea kwenye watu. Mwambie mama yako: waliofichwa hupelekwa mbali. Ila siku moja huachiwa waonekane."

Ningeweza kutomfasiria mama maneno yale. Lakini alikuwa ameshafahamu. "Mughayyaba" halikuhitaji kufasiriwa.

Nesi hakuelewa lolote. Aliona tu mama analia, akadhani sinema imemtisha, akataka kuichukua kanda yake aondoke nayo. Mama akaweka mkono juu ya mashine.

"Mwambie aniachie. Kidogo tu."

Akamwachia, maana hakuna aliyekuwa akiweza kumnyima mama kitu alipokuwa amekunja uso namna ile.

Tangu siku hiyo, kila akimaliza kusali alasiri, mama alishusha mapazia ya ukumbi. Alikuwa ameshajifunza vifungo vya mashine. Hakutizama jini wala mabawa wala ulimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye yale maziko. Jeneza, tope, watu, mgomba, mwanamke na kapu lake. Simamisha. Rudisha. Simamisha. Nikirudi kazini nilikuta ukumbi giza na uso wa mama umepigwa na mwanga wa buluu, na midomo yake inacheza. Alikuwa akizungumza naye. Nilisikia siku moja anamuuliza: "Wanakulisha?"

Mume wangu aliporudi kutoka Sur nilimwambia. Akasema, "Mwache. Mtu mzima huyo, atachoka mwenyewe." Hakuchoka.

Baadaye akaanza kufungua dirisha. Kila jua likianza kuzama alikwenda chumbani kwangu, kwa sababu dirisha langu ndilo lililoelekea barabara inayokuja kutoka Maskati, akalifungua wazi. Nami nikalifunga. Siwezi kueleza hofu niliyokuwa nayo siku zile. Nilijua kuwa ulimi ule ni mpira, niliuona kwa macho yangu kuwa ni mpira, na bado nilikuwa silali chali. Nikihisi kitu kinanigusa kitovuni nashtuka, kumbe ncha ya kanga.

"Usifunge," mama aliniambia siku moja, amenikuta nimeshika komeo. "Akija atapitia wapi?"

"Nani aje, mama?"

"Mama yako mdogo."

"Na vikija vyengine je? Si umeona vinavyoingia kwa wajawazito?"

Tukatizamana, mimi na yeye, kila mmoja mkono wake juu ya dirisha moja. Nikaona kuwa naye anaogopa. Alikuwa akijua vyema kinachoweza kupita kwenye dirisha lililofunguliwa, na alikuwa tayari kipite, kuliko mdogo wake akute pamefungwa. Nilitamani kupiga kelele. Badala yake nilihamia chumba cha nyuma, kisicho na dirisha la maana, nikalala kwa joto.

Siku ya pili yake nilimfuata nesi wodini, wakati wa mapumziko. Nilimweleza yote: Bumbwini, kaburi, mgomba, kizee, dirisha. Nikamwomba anisaidie. Kama anaijua sinema ile ilipigwa wapi, kama kuna namna ya kujua yule mwanamke ni nani, aje amwambie mama, huenda akatulia.

Alikunja na kukunjua kofia yake nyeupe.

"Ile si sinema nzuri," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe siipendi. Walikuja kuipiga kijijini kwetu. Hawakuwa na pesa; watu wa kijiji walipewa chakula cha mchana tu, wakaambiwa watembee nyuma ya jeneza na walie."

"Basi unawajua wale watu?"

"Wote."

"Na yule wa nyuma, mwenye kapu?"

"Yule ni mama yangu."

Akaendelea, polepole, akitafuta maneno ya Kiarabu. Mama yake alifariki mwaka ule ule yeye nesi alipokuja Oman. Mkataba ulikuwa mpya, hakupewa ruhusa, mama yake akazikwa bila ya yeye kuwepo. Picha zao zilichukuliwa na mafuriko. Kilichobaki ni kitambo kile kidogo kwenye kanda ile, na ndiyo maana alikuwa nayo, sinema mbaya ya majini ambayo akiitizama peke yake hufumba macho mpaka yafike maziko.

Alikuja jioni ile ile, kabla ya magharibi. Alivua viatu, akamwamkia mama, akakaa chini mbele yake badala ya kwenye kiti. Nikawa mfasiri baina yao. Sijawahi kufasiri jambo zito kama lile. Nilipofika kwenye neno "mama yangu" nilisita, na mama akaniambia kwa ukali, "Sema."

Nikasema.

"Muongo," mama alijibu. "Mwambie muongo. Mimi simjui mdogo wangu?"

Sikumfasiria, lakini nesi alikuwa ameshaliona usoni mwake. Hakukasirika. Aliomba tu amwone, akaiwasha mashine mwenyewe. Jeneza likaja, tope likaja, watu wakaja. Na palipofika pale karibu na mgomba, hapakuwa na mtu.

Palikuwa na mistari myeupe. Kwa kusimamishwa na kusimamishwa, siku baada ya siku, kanda ilikuwa imelika pale pale. Ulionekana ukingo wa kapu, na kisigino kimoja kwenye tope, na juu yake theluji ya televisheni inachemka mahali palipokuwa na uso. Nesi akarudisha. Theluji. Akarudisha tena. Akaitoa kanda, akaipuliza, akaifuta kwa kitambaa cha mavazi yake ya kazi, akaitia tena. Theluji. Hakulia. Alikaa na mikono yake mapajani, akitizama, na sauti ya watu wa kijijini kwao wanaolia kwa uongo ikiendelea kutoka ndani ya televisheni.

Mama alinitizama. Kisha akamtizama yeye. Nadhani ni pale ndipo alipomsadiki, kwa kuona jinsi alivyokaa. Alikuwa akikijua kikao kile.

"Muulize mamake alizikwa wapi," alianza, akajikatiza. "Muulize nani alimwosha."

Nikamuuliza.

"Hajui," nikamfasiria. "Anasema hajui."

Mama akainuka. Magoti yalikuwa yanamsumbua na kuinuka kwake kulikuwa kwa kazi. Akenda jikoni, akarudi na kapu la tende, akaliweka nyongani.

"Tizama," alimwambia nesi kwa Kiswahili, kama kwamba anakifahamu. "Alikuwa anakuja hivi."

Akatembea. Alitoka mlango wa ukumbi mpaka kwenye kiyoyozi, na hakuwa mama yangu. Mama yangu alikuwa mwanamke wa mjini, mnene, hatua zake fupi. Aliyepita mbele yetu alikuwa ametanguliza mguu wa kushoto, kisigino kinageuka kidogo nje kukwepa tope, bega moja limeshuka kwa uzito wa kapu, shingo imeinamia upande. Alipofika karibu na mlango wa jikoni akainua mkono akafunika mdomo, vidole vimeachana, na mabega yakamtikisika mara moja. Alikuwa amemtizama mwanamke yule kuliko mtu yeyote duniani aliyewahi kumtizama. Alikuwa naye mwili mzima.

Nesi alipiga ukelele mdogo. Akashika mashavu yake.

"Anacheka!" aliniambia. "Mama yangu pale hakuwa akilia, alikuwa anacheka! Kila akiambiwa alie kicheko kinamshika, ndiyo wakamweka nyuma kabisa. Mwambie mama. Mwambie hivyo ndivyo alivyo."

Nilimwambia mama. Akabaki amesimama na kapu lake.

"Mimi nilidhani analia," alisema. "Siku zote hizi nilidhani ananililia mimi."

"Tena, Mama," nesi alimwomba, kwa Kiswahili. Lilikuwa neno alilolijua, kwa sababu mama alikuwa akimwambia kila akimtilia chai.

Mama akatembea tena. Na tena. Mpaka adhana ikasikika na miguu ikamchoka, akaketi, na nesi akamsogelea akamkanda magoti. Jioni ile hakuna aliyekwenda kufungua dirisha.

Nilijifungua kabla ya mwezi kwisha, adhuhuri, mtoto wa kike. Nesi ndiye aliyempokea. Kuna jambo moja nitalisema kama lilivyokuwa, na kila mtu alichukue atakavyo. Uchungu uliponizidi niligeuza uso mlangoni nikaona mwanamke amesimama, ameegemea fremu, nyonga moja imetoka nje kama anayechukua kitu kizito. Niliona mguu wake, pekupeku, na vidole vina udongo mwekundu. Ibra hakuna udongo wa rangi ile. Sikuogopa. Nilimwomba asogee, nikafumba macho, na nilipofumbua pale mlangoni palikuwa na kigari cha dawa. Sikumwambia nesi wala mama. Sikutaka kumpa yeyote kati yao, kwa sababu sikujua ni wa nani.

Arubaini yangu ilipopita, mama aliniambia kuwa anataka kusoma hitima.

"Ya nani, mama?"

"Ya marehemu mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita marehemu. Miaka ile yote hakuwahi kusomewa chochote. Aliye hai hasomewi.

Tulitandika mikeka ukumbini. Bibi wa Ibra alikuja na wanawake wa mtaa wake, na marafiki zake wa sokoni, wengi wao hawajapata kuijua Unguja hata kwa ramani, wakajaza nyumba kwa buibui zao na harufu ya ubani. Bibi alimwuliza mama jina la maiti, na mama akalitaja, na nyinyi hamtalisikia kwangu. Wakalitia kwenye dua kwa lafudhi ya Sharqiyah, mkoa wao, neno kwa neno, sauti moja. Nesi hakuingia ukumbini. Alisema hiyo si dini yake na hataki kukosea. Alikaa jikoni na mtoto wangu begani, akimwimbia kwa lugha ya kwao, huku akinigeuzia maandazi kwenye karai yasiungue.

Wageni walipotoka, bibi wa Ibra alibaki nyuma mlangoni, akanivuta kanga. Hakuwa ameridhika.

"Muulize mama yako," alinong'ona. "Sasa ana yakini kuwa alikufa?"

Nikamuuliza mama. Alikuwa anakunja mikeka, amenipa mgongo.

"Mwambie sina," alisema. "Mwambie nimemzika hivyo hivyo."